Sanduku la wafugaji: maonyesho ya mbwa wa ukoo, kibali cha kimataifa na kazi ya jaji ulingoni

Barua za safari hii karibu zote zimetoka mikoa ya Kigoma na Tabora. Nyingi ni za watu wanaotaka kuandaa maonyesho ya mbwa, au waliokwisha kushiriki wakarudi nyumbani na maswali. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

SWALI: Wataalamu, shikamooni. Sisi ni kikundi cha wafugaji wa mbwa hapa Mwanga, Kigoma Mjini. Tunao German Shepherd, Rottweiler na Ridgeback kadhaa. Mwakani tunataka kuandaa maonyesho ya kimataifa, tualike wenzetu wa Bujumbura, Kalemie na Zambia. Tuanzie wapi, na jaji tumpate wapi?

JIBU: Marahaba. Kualika watu wa nchi tatu hakuyafanyi maonyesho kuwa ya kimataifa. Hadhi hiyo hutolewa na shirikisho, na lililo kubwa kuliko yote ni Fédération Cynologique Internationale, au FCI, lililoundwa mwaka 1911 na vyama vya Austria, Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani. Makao yake yako Thuin, Ubelgiji. Anayeomba tarehe ya maonyesho ni chama cha kitaifa kinachotambuliwa na FCI, mfano KUSA ya Afrika Kusini. Kikundi cha mtaa hakiombi, halmashauri haiombi, hata mkipata barua ya mkuu wa mkoa. Mkibandika neno "kimataifa" kwenye bango bila kibali hicho, mgeni wa Zambia atalipa nauli akitegemea cheti kinachohesabika, ataondoka na kombe la plastiki, na mwakani hamtamwona.

Cheti chenyewe ndicho CACIB. Jaji hukipendekeza siku hiyo ulingoni, FCI hukithibitisha baadaye. Ili mbwa aitwe bingwa wa kimataifa wa umbo anahitaji CACIB nne, katika nchi tatu, chini ya majaji watatu tofauti, na kati ya ya kwanza na ya mwisho upite mwaka mmoja na siku moja. Mbegu, yaani aina za mbwa, zinazodaiwa jaribio la kazi, German Shepherd akiwa mmoja wao, zina njia yake: CACIB mbili katika nchi mbili chini ya majaji wawili, pamoja na kufaulu jaribio lenyewe. Sharti la mwaka na siku moja lipo hapo pia. Kwa maana hiyo hata maonyesho yenu yangekuwa na kibali, hakuna mbwa angetoka Kigoma na ubingwa wa kimataifa siku ile ile.

Kwa hatua mliyopo, andaeni maonyesho ya wazi na myatangaze kwa jina hilo hilo. Humo ndani fanyeni kila kitu kama FCI wanavyofanya: jaji mwenye leseni ya mbegu mtakazoleta, hukumu ya maandishi kwa kila mbwa, na madaraja ya umri. Madaraja ni haya: watoto wadogo, miezi 4 hadi 6, watoto, miezi 6 hadi 9, vijana, miezi 9 hadi 18, daraja la kati, miezi 15 hadi 24, kisha daraja la wazi, la kazi na la mabingwa, yote kuanzia miezi 15, na wazee kuanzia miaka 8. Umri huhesabiwa siku mbwa anapoingia ulingoni. Kosa la kuuhesabu kwa tarehe ya kujaza fomu ndilo linalovuruga katalogi nyingi, maana mtoto aliyeandikishwa akiwa na miezi minane na nusu siku ya maonyesho ameshaingia ujana.

Karatasi za ukoo zianze kushughulikiwa leo. Katika ukanda wetu chama kinachofahamika kwa kutunza daftari la ukoo na kuandaa maonyesho ni East Africa Kennel Club ya Nairobi. Waandikieni mjue mbwa wenu wanaandikishwaje, na waulizeni majaji wa mbegu zenu. Leseni ya jaji huenda kwa mbegu au kwa kundi; FCI ina makundi kumi. Rottweiler yuko kundi la 2, German Shepherd la 1, Ridgeback la 6, kwa hiyo jaji wa mbegu moja hatawatosheni. Jaji wa FCI akitoka nje ya nchi yake anahitaji ridhaa ya chama chake cha kitaifa, basi barua iende mapema na itaje mbegu, idadi ya mbwa mnaowategemea, nauli, malazi na nani anamlipia nini.

Na kuna hili la Kigoma: mwenye gari zuri la kumpokea mgeni uwanja wa ndege mara nyingi ndiye huyo huyo mwenye mbwa watatu kwenye katalogi. Haifai. Jaji hasafiri na mshiriki wala halali kwake kabla ya kuhukumu. Kodini teksi. Afike siku mbili kabla, ndege ikiahirishwa msibaki na ulingo usio na jaji.

SWALI: Wenzetu wa Burundi wakipita Manyovu na mbwa wao, wanahitaji nini? – Mfanyabiashara, Kigoma

JIBU: Kibali cha kuingiza mnyama kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, kiombwe kabla ya safari, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali ya kwao, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa achanjwe akishatimiza miezi mitatu, na kwa chanjo ya kwanza zihesabiwe siku 21 kabla hajasafiri, kwa kuwa kinga haipatikani siku ya sindano. Chipu ya utambulisho, ile inayowekwa chini ya ngozi, iwekwe kabla ya chanjo ili namba yake, yenye tarakimu 15, iandikwe kwenye cheti cha chanjo. Cheti kisicho na namba ya chipu kinaweza kuwa cha mbwa yeyote, na ofisa wa mpakani analijua hilo. Wanaokuja kwa boti kutoka Kalemie au Uvira masharti yao ni hayo hayo.

SWALI: Tumepewa viwanja vya Nanenane vya Ipuli, Tabora, kwa siku moja. Tunategemea mbwa 60. Tupange vipi uwanja, ratiba na watu? – Katibu wa kikundi, Tabora

JIBU: Anza na hesabu ya jaji. Chini ya FCI jaji hutegemewa kuhukumu mbwa wapatao 20 kwa saa, na mwisho ni mbwa 80 kwa siku kama anaandika hukumu ya kila mmoja. Ni dakika tatu kwa mbwa. Mbwa 60 ni saa tatu kamili bila kupumua, na jaji wa kwanza kwako usimbane hivyo. Weka mbwa 15 kwa saa. Ukiwa na majaji wawili na ulingo mbili, 30 kila upande, unaanza saa 2 asubuhi na saa 4 umemaliza mbegu zote. Hapo unasimama. Kati ya saa 6 mchana na saa 9 asiingie mbwa ulingoni. Fainali za makundi na mshindi wa jumla ziwe saa 10 jioni jua likishalegea, na watazamaji ndipo wanapokuja.

Mwezi nao una maana. Juni na Julai Tabora ina asubuhi za baridi na ardhi kavu. Oktoba achana nayo kabisa. Mbwa hapoi kwa jasho kama binadamu, hupoa kwa kuhema. Wenye pua fupi, kina Bulldog na Boxer, huhema vibaya hata wakiwa wamekaa. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 41, fizi zikawa nyekundu sana na mbwa akaanza kuyumba, mwageni maji ya kawaida mwilini, mpepeeni, mumwite daktari. Msimfunike kwa taulo lililoloa na kumwacha nalo, linazuia joto kutoka.

Ulingo wa mbwa wakubwa uwe mita 15 kwa 20. Mzingo wake ni mita 70: nguzo 14 zikisimama kila baada ya mita 5, kamba mistari miwili, wa chini sentimita 40 kutoka ardhini na wa juu sentimita 90. Nunueni kamba mita 150 kwa kila ulingo, kwa sababu mafundo yanakula. Mlango uwe mita moja na nusu, mmoja wa kuingia na mwingine wa kutoka, pande tofauti. Mbwa wawili madume wakikutana uso kwa uso mlangoni, ratiba yenu imekwisha. Kati ya ulingo na ulingo acheni mita tatu.

Ardhi ndiyo inayosahaulika. Ulingo ufagiliwe siku moja kabla kuondoa mbigili na vipande vya chupa, kisha mtu atembee peku akihakiki. Mwiba mmoja kwenye unyayo unamfanya mbwa achechemee, na jaji anahukumu anachokiona. Hana njia ya kujua kwamba jana alikuwa mzima. Nyunyizeni maji alfajiri kuzuia vumbi, kidogo tu, tope linateleza. Kabla ya kila daraja msimamizi aweke mgongo wa kiganja chini kwa sekunde saba. Akishindwa kuvumilia, mbwa pia hawezi.

Jaji apate hema la mita 3 kwa 3, meza, viti vitatu, mihuri na kidau cha wino. Mbwa wadogo hukaguliwa mezani: meza ya sentimita 60 kwa 90, kimo sentimita 75, juu imegongomelewa mpira usioteleza, miguu isiyocheza hata kidogo. Mbwa akitikisika mezani mara moja hatapanda tena siku hiyo. Spika za muziki zikae mbali na ulingo. Mnaelewa wenyewe sherehe zetu zilivyo. Muhimu DJ aelezwe mapema, asisubiri jaji akunje uso.

Kila ulingo una watu wawili wa lazima. Msimamizi huita mbwa, huwapanga kwa namba na kuhakikisha hakuna anayeingia daraja lisilo lake. Mwandishi huandika anayoyasema jaji, neno kwa neno, kwenye fomu yenye nakala tatu: ya mwenye mbwa, ya waandaaji, na ya chama kinachotunza daftari. Mwandishi mwenye mwandiko mbaya anaharibu kazi ya siku nzima. Namba ya mbwa hufungwa mkono wa kushoto wa mshika mbwa kwa mpira, ionekane mbwa anapozunguka.

Usajili ufungwe wiki tatu kabla. Ndipo mchape katalogi yenye namba, jina la mbwa, namba ya usajili, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, mzalishaji na mmiliki. Jaji haisomi kabla wala wakati wa kuhukumu, kwa hiyo isiachwe mezani kwake hata kwa bahati mbaya.

Getini aweko daktari wa mifugo na kisoma chipu. Anakagua cheti cha chanjo, macho, pua, ngozi kwa kupe, na kinyesi cha yeyote anayeharisha. Anayekohoa harudi nyuma ya foleni, anarudi nyumbani. Jike aliye kwenye joto, kama kanuni zenu zinamruhusu, ahukumiwe mwisho wa mbegu yake na akae upande wa chini wa upepo, la sivyo mbwa koko wa Ipuli nzima watakuwa washiriki.

Maji: mbwa wa kilo 35 siku ya joto anaweza kumaliza lita 4. Kwa mbwa 60 ni lita 240 za kunywa tu, basi tangi la lita 500 ndilo la kuanzia. Kila mtu aje na bakuli lake, bakuli la pamoja ni njia ya kikohozi. Kinyesi kizolewe kwa koleo hapo hapo, mahali paoshwe kwa sabuni, kisha jiki sehemu moja kwa maji sehemu 30, iachwe dakika kumi. Sabuni itangulie, uchafu unaua nguvu ya jiki, na kirusi cha parvo hakitishwi na dettol mnayoizoea.

SWALI: Dume langu la German Shepherd lilikuwa kubwa kuliko wote: sentimita 69 mabegani, kilo 48. Jaji akalipatia "Nzuri" tu, ushindi akampa mbwa mdogo. Tena alilishika korodani mbele za watu! Hii ni haki? – Mfugaji, Kasulu

JIBU: Ni haki, mzee wetu, na korodani tuzimalize kwanza. Viwango vyote vya FCI vinadai dume liwe na korodani mbili za kawaida zilizoshuka kabisa mfukoni. Hilo halionekani kwa macho kwenye mbwa mwenye manyoya, hushikwa. Moja ikikosekana, mbwa anaondolewa, kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa.

Sasa kimo. Jaji hashindanishi mbwa na mbwa kwanza. Anashindanisha kila mbwa na maandishi ya kiwango cha mbegu yake, kisha anawapanga kwa jinsi walivyokikaribia. Kiwango cha German Shepherd, namba 166 katika orodha ya FCI, kinataka dume la sentimita 60 hadi 65 na kilo 30 hadi 40. Jike sentimita 55 hadi 60, kilo 22 hadi 32. Mbwa wako amezidi kimo kwa sentimita 4 na uzito kwa kilo 8. Huku kwetu ukubwa ndio sifa, mlinzi wa geti atishe. Kiwango kilimwandikia mbwa wa kuchunga kondoo siku nzima, na mzito hachungi.

Pima upya nyumbani kabla hujaamini namba hizo. Msimamishe sakafuni miguu ikiwa wima, laza rula juu ya sehemu ya juu kabisa ya mabega ikiwa sawasawa, pima wima hadi chini. Wengi hupima wakifuata kifua kwa utepe wa fundi nguo, wakaongeza sentimita tatu au nne. Kwa uzito, pitisha vidole ubavuni: mbavu ziguswe bila kubonyeza. Zisipopatikana, ni mafuta.

Kazi ya jaji huenda hivi. Mbwa wote wa daraja wanazunguka pamoja, anapata picha ya jumla. Kisha mmoja mmoja: anamkaribia kutoka mbele, anamwachia anuse, anafunua midomo. German Shepherd anatakiwa kuwa na meno 42, 20 juu na 22 chini, ya mbele yakifunga kama mkasi, ya juu yakipita mbele ya ya chini kwa kugusana. Anatazama rangi ya macho, masikio, anapitisha mikono shingoni, begani, kifuani, mgongoni, mapajani, korodani, mkia. Halafu mwendo. Unakimbia naye mdogomdogo ukienda mbali moja kwa moja: hapo anaona vifundo vya nyuma kama vinakwenda sambamba au vinagongana. Ukirudi, anaona viwiko kama vinatoka nje. Ukizunguka, anaona ubavuni: hatua ya mbele inafika wapi, ya nyuma inasukuma kiasi gani, mgongo umetulia au unabonyea. Watu wengi hukimbia kasi mno na mbwa anatimka. Akitimka hakuna kinachoonekana, jaji atakurudisha, na dakika zako tatu zimekwisha.

Daraja za sifa kwa mbwa waliokomaa ni Bora, Nzuri sana, Nzuri, Inatosha, Kuondolewa, na Hakuweza kuhukumiwa. Hiyo ya mwisho si tusi. Ni ya mbwa anayemrukia mshikaji wake muda wote, asiyetembea, au asiyekubali kuguswa hata mwendo na meno visionekane. Mbwa anayetaka kuuma anaondolewa moja kwa moja. CACIB huenda kwa mmoja wa waliopata Bora na kushika nafasi ya kwanza katika madaraja yao, na hata hapo jaji halazimiki kuitoa asipoona mbwa wa kiwango hicho.

Fomu yako uliyotutumia picha yake imeandikwa vizuri. Inasema: kichwa chenye nguvu, macho meusi, meno kamili, bega limesimama, hatua ya mbele fupi, mgongo imara akisimama, unalegea akikimbia, amepita kimo, mzito, tabia tulivu. Ukiisoma hivyo unajua cha kufanya. Punguza chakula polepole, mkimbize umbali mrefu kwa mwendo wa wastani, na ukimpandisha tafuta jike mwenye bega lililolala vizuri. Kimo hakibadiliki. Ingekuwa imeandikwa "mbwa mzuri, endelea" ndipo ungekuwa na haki ya kulalamika.

SWALI: Nikiwa ulingoni mwenzangu alisimama nje akipiga mluzi ili mbwa anyanyue masikio. Jaji akatuonya. Kosa liko wapi? – Msichana, Nguruka

JIBU: Kumwongoza mbwa kutoka nje ya ulingo ni marufuku kwenye maonyesho ya FCI, iwe mluzi, mpira au kumwita jina. Mbali na kukupa faida isiyo yako, kunavuruga mbwa wengine walio ndani. Marufuku nyingine inayowashtua wengi: ndani ya eneo la maonyesho hairuhusiwi kupaka manyoya dawa wala kupuliza chochote. Chanuo na brashi tu. Kwa hiyo aoshwe nyumbani siku mbili kabla, mafuta ya asili yarudi kwenye manyoya.

SWALI: Ridgeback wangu ana mizunguko mitatu ya nywele kwenye mstari wa mgongo badala ya miwili. Nimpeleke? – Sikonge

JIBU: Hatashinda. Kiwango, ambacho mzizi wake ni mkutano wa wafugaji wa Bulawayo mwaka 1922, kinataka mizunguko miwili tu, inayofanana na inayotazamana, na ncha zake za chini zisipite theluthi moja ya urefu wa mstari. Upana wa sentimita 5 ni wastani mzuri. Kwa ulinzi na kwa kupendwa nyumbani hana upungufu wowote.

SWALI: Huku Buhigwe wawindaji wana mbwa wadogo wekundu, mkia umejikunja, hawabweki sana. Tunaambiwa ni Basenji. Wanaweza kushiriki? – Mwalimu

JIBU: Wanaweza kufanana naye sana, na si ajabu, Basenji ametoka misitu ya Congo ng'ambo ya ziwa lenu. Kiwango chake ni namba 43, kundi la 5: dume sentimita 43 na kilo 11, jike sentimita 40 na kilo 9.5, makunyanzi kipajini, mkia uliojikunja na kulala pajani, weupe miguuni, kifuani na ncha ya mkia. Bubu si bubu, hutoa sauti kama ya kuimba.

Kufanana hakutoshi, bila karatasi za ukoo haingii daraja la mbegu. Mlango huo lakini umewahi kufunguliwa. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikwenda Zaire, wakarudi na mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua daftari lake iwapokee kama Basenji, kwa sababu wale wa Marekani walitokana na mababu wachache mno na magonjwa ya kurithi yalikuwa yamewazidi. Wafugaji hao hawakuhangaika kwa huruma. Walihitaji damu ambayo wawindaji kama wa kwenu walikuwa nayo.

Mnachoweza kufanya ni kumbukumbu. Daftari moja: picha ya ubavu mbwa akiwa amesimama, kimo, uzito, rangi, baba, mama, kijiji, namba ya chipu kama ipo. Vizazi vitatu vya namna hiyo ni karatasi ambayo mtaalamu yeyote ataitazama mara mbili. Nako Kigoma wakiandaa maonyesho yao, washaurini waweke daraja la mbwa wa kienyeji, linalohukumiwa kwa afya, utulivu na utii. Umbo lisihukumiwe, hakuna maandishi ya kulipimia. Na wachanjwe kwanza, si kichaa tu, distempa pia. Basenji wawili walioonyeshwa Crufts, Uingereza, mwaka 1895 walikufa kwa distempa muda mfupi baadaye.

SWALI: Maonyesho ni wiki ijayo. Mbwa wangu jicho moja limegeuka kama maziwa, uso umevimba, anakonda na hali vizuri. Dawa ya ng'ombe ninayo, nimchome? – Urambo

JIBU: Usimchome, na maonyesho yasahau. Kwa mtu wa Urambo dalili hizo zinatufanya tuwaze ndorobo kwanza. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na inzi huyo, kwa mbwa hupanda haraka kuliko kwa ng'ombe: homa, tezi kuvimba, uso kuvimba, kioo cha jicho kuwa na ukungu. Lakini jicho hilo linaweza pia kuwa la ugonjwa wa kupe au jeraha, kwa hiyo damu ipimwe kwa darubini. Daktari wa wilaya akikosa vifaa, sampuli iende maabara ya mifugo Tabora.

Kuhusu dawa uliyo nayo: ile pakiti ndogo ya diminazini ya gramu 2.36 ina gramu 1.05 za dawa yenyewe, na inapochanganywa na mililita 12.5 za maji inamtosha ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wa kilo 20 kwa kipimo cha miligramu 3.5 kwa kilo anahitaji isiyozidi mililita moja. Anayekadiria kwa jicho huzidisha mara mbili au tatu bila kujua, na kwa mbwa dawa hii ikizidi hupiga ubongo: kuyumba, degedege, kifo. Tena vimelea vikishaingia kwenye ubongo haivifikii vizuri, mbwa anapata nafuu wiki kadhaa kisha anarudi pale pale. Ndiyo sababu ya kumwachia daktari, anayempima uzito kwenye mizani na kumfuatilia.

Akipona na ukaja kumsafirisha mwakani, mkipita misitu ya miombo fungeni vioo vya gari. Ndorobo hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Mbwa nyuma ya pikapu, juu ya turubai la bluu, ni chambo.

SWALI: Nasoma chuo hapa Tabora na nataka kuwa jaji wa mbwa. Njia ikoje?

JIBU: Ndefu. FCI huacha mafunzo na mitihani kwa vyama vya kitaifa, lakini ina masharti ya chini: uwe mtu mzima, uwe umejihusisha na mbwa walau miaka mitano kwa kuzalisha, kuonyesha au kazi nyingine ya mbwa, na uwe umesimamia ulingo walau mara tano. Kisha mtihani wa kuandika juu ya maumbile, mwendo, urithi, afya, tabia na kanuni, na mtihani wa vitendo wa kuhukumu mbwa hai na kuandika. Kiingereza au Kifaransa utakihitaji.

Ukishapata leseni, unafungwa. Huandikishi mbwa wako mahali unapohukumu. Huhukumu mbwa uliyemtunza, kummiliki au kumuuza ndani ya miezi sita iliyotangulia. Hunywi pombe ulingoni, huvuti sigara, hushiki katalogi.

Kwa sasa chukua mbegu moja, iliyo karibu nawe, German Shepherd kwa mfano. Pakua kiwango chake kwenye tovuti ya FCI, hakilipiwi. Omba ruhusa kwa wafugaji wa Tabora uwapime mbwa wao: kimo, meno, pembe ya bega, mwendo. Andika hukumu ya mistari sita kwa kila mmoja, iweke, rudi baada ya miezi mitatu uwapime tena bila kusoma ya kwanza. Zikipishana sana, macho yako bado hayajatulia. Na kikundi cha Ipuli kilichotuandikia hapo juu kinatafuta wasimamizi wa ulingo na waandishi wenye mwandiko unaosomeka, waone.